Kifafa cha mtoto: kabla hujasema 'ni cha ukoo'

STENDI ya Ifakara, asubuhi. Mama mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi akisubiri gari la Mahenge, mwanawe wa miaka tisa amemwegemea. Alipompa kipande cha chapati, kichwa cha mtoto kikaanza kushuka. Kinainama, kinainuka, kinainama tena.

"Hajalala vizuri?" nilimuuliza.

"Hasinzii, dada yangu. Ndio ugonjwa wenyewe huo. Mama mkwe anasema nimeuleta mimi, eti uko kwenye damu ya kwetu. Hata waliomposa dada yake wamerudi nyuma."

Mzazi mwenzangu, neno hilo la "damu ya kwetu" ndilo nataka tulizungumze leo.

Ugonjwa huu si mgeni Mahenge. Mapema miaka ya 1960, daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa huko. Alikuta watoto ambao wenyeji walisema "amesinzia kichwa". Alikuta pia familia zenye wagonjwa zaidi ya mmoja. Ukiona ndugu wawili au watatu wanaugua, ni rahisi kusema ni ukoo.

Ni kweli yapo magonjwa ya ubongo ya kurithi. Ugonjwa wa Huntington ni mmoja wapo: mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuupata. Hitilafu katika jeni hufanya protini mbovu zirundikane ndani ya seli za ubongo.

Kwa kawaida seli hujisafisha. Hufungia taka zake kwenye kifuko, huzisaga na kutumia tena kinachofaa. Kazi hiyo huitwa otofajia, yaani seli kujila. Yoshinori Ohsumi wa Japani aliichunguza kwenye hamira, akapata Tuzo ya Nobeli mwaka 2016. Seli za ubongo zikifa, nyingi hazipati za kuziba pengo. Ndiyo maana taka zikizidi usafi, madhara yake ni makubwa.

Mwaka 2018 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa ubongo wa wagonjwa watano wa Uganda waliofariki wakiwa na ugonjwa wa kusinzia kichwa. Walikuta mabonge ya tau, protini ambayo hurundikana pia kwa wazee wenye Alzheimer. Kwa hiyo taka zipo. Lakini kuwepo kwa taka si ushahidi kwamba zimetoka kwa bibi.

Tazama ugonjwa unakopatikana zaidi: Mahenge, kaskazini mwa Uganda, Sudan Kusini. Ni makabila tofauti na koo tofauti, lakini kote huko kuna usubi. Minyoo ya usubi huenezwa na inzi mdogo mweusi anayezaliana kwenye mito yenye maji ya kasi. Sisi wa bondeni tumezoea mbu wa usiku na maji yaliyotuama. Huyu huuma mchana, na chandarua hakimzuii. Watafiti waliopima kaya za Mahenge walikuta kifafa vijijini ni zaidi ya mara mbili ya kile cha maeneo ya karibu na mji.

Namna hasa usubi unavyoudhuru ubongo bado inachunguzwa. Lakini ndugu wanaokulia kando ya mto mmoja huumwa na inzi wale wale. Walichorithi pamoja huenda ni shamba tu.

Tofauti hiyo ina uzito. Ukiamini ni damu, utakaa kimya, utamficha mtoto. Ukijua kuna inzi na minyoo, kuna la kufanya.

Kwanza, zoezi la kugawa dawa ya usubi likifika kijijini, familia imeze. Watoto wasiofika sentimita 90 na wajawazito hawapewi. Dawa hiyo haiponyi kifafa, ila hupunguza minyoo, na pale inapomezwa vizuri wagonjwa wapya wa kifafa hupungua.

Pili, mtoto mwenye kifafa anywe dawa yake kila siku. Usiikatishe kwa sababu amekaa mwezi bila kuanguka.

Tatu, akianguka mwondoe karibu na moto au maji, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni. Ikizidi dakika tano, mkimbize hospitali. Usiogope povu lake. Kifafa hakiambukizi kwa mate.

Gari la Mahenge lilipofika, nilimsaidia yule mama kupandisha mzigo. Nikamwomba akifika akae na mama mkwe kwa heshima, amuulize swali moja tu: watoto wa kijiji kile wanaougua, wote ni wa ukoo wetu, au wote wanachota maji mto mmoja?

Alinyamaza kidogo. "Wa jirani naye anao," akasema, "na si ndugu zetu."

Tukutane wiki ijayo.