Stika ya Tangi Inataka Maji

Jumanne iliyopita, pembeni ya soko la Buzogwe mjini Mpanda, fundi wa stika alipokea shilingi 15,000 za kijana wa bodaboda, kisha akamharibia tangi huku mwenyewe akitazama. Pikipiki ilikuwa Boxer, imetoka njia ya Sitalike, vumbi jekundu limejaa hadi kwenye mfuniko wa mafuta. Fundi alilipangusa tangi kwa kiganja. Kwa kiganja! Akabandua karatasi ya nyuma yote kwa mpigo, akaipachika stika kavu kavu kama tangazo la mnada ukutani, akaisugua kwa kidole gumba. Hata dakika haikuisha, malengelenge yakatokeza katikati ya jina la kijiwe.

"Fundi, mbona ina mapovu?"

"Hiyo ikipigwa jua inalala yenyewe, mwanangu."

Hailali. Huo ni uongo, na mwandishi wa safu hii, aliyekuwa amesimama hapo akisubiri kubadilishiwa tyubu ya baiskeli, aliondoka na hasira ambayo hadi leo haijapoa. Hewa iliyonaswa chini ya stika ikipata joto hutanuka, na lengelenge huzidi kuwa kubwa. Stika iliyovutwa kwa nguvu wakati wa kubandikwa hujirudi, kingo zikajikunja, vumbi likapata pa kuingilia. Petroli inayomwagika pale sheli humalizia kazi. Kijana yule atakuwa ameshabandua mabaki kwa kucha kabla mvua hazijaanza.

Wasomaji wa safu hii wanamfahamu Fundi Dakika Mbili, anayelipua kazi ili awahi inayofuata. Wamekwisha kukutana naye kwenye simu, kwenye viatu na kwenye mabati. Sasa yumo kwenye matangi.

Kazi yenyewe ina utaratibu, na wapo vijana wa Makanyagio wanaoufuata bila kukumbushwa. Tangi huoshwa, likakaushwa, mafuta ya injini yakafutwa kwa spiriti. Chupa ya kupulizia hujazwa maji yenye matone machache ya sabuni ya vyombo. Maji hayo hupuliziwa kwenye tangi na kwenye upande wa gundi, ndipo stika iwekwe. Kwa muda mfupi gundi haishiki: stika inateleza, inasogezwa kushoto, inapandishwa kidogo, hadi herufi zikae sawa na mstari wa tangi. Kisha huja kadi ya zamani ya benki iliyovikwa kitambaa, ikisukuma maji kutoka katikati kwenda pembeni, taratibu, mpaka tone la mwisho litoke. Penye mbonyeo stika hupashwa moto kidogo ili ilainike na kufuata umbo. Hapo ndipo pikipiki inapoachwa itulie kivulini.

Wanaounda ndege ndogo za plastiki nao wanaijua siri hii ya maji. Kampuni ya Zvezda ya Urusi inauza Boeing 787 ya kuunganisha kwa kipimo cha 1:144, yenye urefu wa sentimita 39 hivi. Alama zake huja kwenye karatasi yenye gundi inayoyeyuka. Mtu huichovya majini, hungoja alama iachie, huitelezesha hadi kwenye mkia, hukamua maji kwa pamba. Kabla ya hapo plastiki hupakwa vanishi ing'ae, kwa sababu penye mkwaruzo hewa hunaswa na alama hupata ukungu mweupe.

Hata maua ya dhahabu kwenye cherehani kongwe za Singer yaliwekwa kwa karatasi na maji, yakafunikwa kwa vanishi. Mengi bado yanang'aa, isipokuwa pale ambapo vitambaa vimesugua miaka na miaka.

Chanzo cha uharibifu huu wa stika mjini Mpanda ni kimoja: fundi anahesabu pikipiki, hahesabu kazi. Maji yanamchelewesha, na akichelewa mteja wa pili anahamia kwa jirani. Anayeumia ni kijana ambaye pikipiki yenyewe ni ya mkataba, kila jioni ana hesabu ya kupeleka kwa tajiri, na jina lililo kwenye tangi ndilo analotambuliwa nalo na abiria wa stendi. Kumuuzia malengelenge mtu wa namna hiyo ni kumdhulumu, na wenzake wa kijiwe wasilichukulie kuwa jambo dogo.

Mwenye pikipiki asitoe hela kabla hajaonyeshwa chupa ya maji na kitambaa safi. Akiambiwa stika italala juani, apige kiki aondoke, fundi abaki na stika yake.