DAWA SI KARANGA

Ndugu wanakijiji wa Rungwa,

Yapo maneno yanasemwa kilabuni kwamba mtu wa dirisha la dawa hana kazi, eti anahesabu vidonge tu. Sisi tunayapinga. Ni maneno ya ujinga, na ujinga ni adui tuliyemtangazia vita tangu Uhuru, pamoja na maradhi na umaskini.

Hospitalini kazi hiyo ni ya mteknolojia dawa, ambaye ameisomea. Zahanati nyingi za vijijini hazina mtaalamu huyo, basi muuguzi ndiye anabeba mzigo. Kazi ni ile ile. Anasoma cheti cha mganga, anauliza umri na uzito wa mgonjwa. Anatazama tarehe ya mwisho ya dawa. Iliyopitwa anaitenga, haigawi. Anatunza dawa mbali na jua na unyevu. Kila inayoingia na kutoka anaiandika katika leja.

Leja si mchezo. Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, inapelekewa maombi yanayotokana na leja hiyo. Leja ikidanganya, maombi yanadanganya. Mvua zikifika homa ipo, dawa hakuna, na barabara ya Itigi kila mtu anaijua.

Sasa tuulizane. Asali ikipimwa, kila mwanachama anaikodolea macho mizani. Ikipungua nusu kilo, kelele mpaka usiku. Je, masanduku ya dawa yakifunguliwa, nani anakwenda? Kamati ya afya inatakiwa ishuhudie na kuhesabu. Mjumbe anayetia sahihi bila kuhesabu anauza afya ya watoto wetu. Na mgawa dawa anayepitisha dawa mlango wa nyuma ni mwizi, hata akiwa shemeji yetu.

Lakini na wewe mgonjwa usijifiche. Dawa ya mseto, inayotumika nchini kwa malaria tangu mwaka 2006, mtu mzima anameza vidonge 4 mara mbili kwa siku, siku 3, jumla 24. Wapo wanaomeza siku moja, wakipata nafuu wanampa jirani vilivyobaki. Huo si ujamaa! Malaria yako haijaisha, na jirani hakupimwa. Wengine wanamtukana dada wa dirishani kwa kuwa kakataa kutoa dawa bila cheti. Jamani, aliyekataa ndiye aliyefanya kazi.

Tunakwenda kisomo jioni kujifunza kusoma. Tusome nini basi, kama si maandishi ya bahasha ya dawa?

Kwa hiyo tunataka mambo matatu. Kamati ihesabu dawa siku zinapofika. Hesabu isomwe mbele ya mkutano wa kijiji, kama hesabu ya asali. Na kila mgonjwa aulize dirishani: nameze vipi, siku ngapi? Asiondoke mpaka ajibiwe.

Anayeona haya kuuliza, akumbuke kaburi haliulizwi.

Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya wanaushirika