Jua halijashuka, wacheni kulisingizia

Wasee wa Kitale, Bungoma, Endebess na Suam, kuna stori inazungushwa kila kiangazi kikichoma: ati "jua limeshuka." Mvua ikichelewa na mahindi yakinyauka Trans Nzoia, utaisikia stejini, kwa kinyozi, mpaka matangani. Jua limekaribia dunia, hakuna la kufanya, tuombe tu. Mimi naipinga kabisa.

Kama joto ni kukaribia jua tu, Utaridi ingekuwa sayari moto kuliko zote. Iko kilomita milioni 58 hivi kutoka kwa jua. Zuhura iko milioni 108, karibu mara mbili. Sasa angalia. Mchana Utaridi inafika nyuzi 430 za Selsiasi, usiku inashuka hadi 180 chini ya sufuri. Kwenye mashimo ya ncha zake, pale jua halifiki kamwe, kuna barafu. Barafu, bana, kwa jirani wa kwanza wa jua! Zuhura nayo ni nyuzi kama 465 mchana na usiku, kila upande. Madini ya risasi huyeyuka kwa 327. Wasovieti walitua huko na chombo cha Venera 13 mwaka 1982. Kilivumilia dakika 127, kikanyamaza.

Tofauti ni blanketi. Utaridi karibu haina hewa, kwa hivyo joto la mchana linatoroka usiku. Hewa ya Zuhura inakandamiza mara 90 hivi kuliko yetu, na asilimia 96 yake ni kaboni dioksaidi, gesi ileile inayotoka kwa eksosi ya mathree. Mawingu ya Zuhura hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga wa jua, na bado inapikika hivyo, kwa sababu joto likishaingia halipati njia ya kutoka.

Hutaki mambo ya angani? Fuata mto Suam. Unaanzia mlima Elgon, unapita pale mpakani, unateremka, unabadilisha jina kuwa Turkwel, unafika Lodwar. Kilele cha Elgon kina mita 4,321, Lodwar iko kama 500. Wapi utatafuta jaketi? Huko juu, "karibu na jua", hewa ni nyembamba.

Buda mmoja atasema, lakini Kitale Januari ni joto na Julai ni baridi. Kweli. Na ni kweli pia mapema Januari dunia huwa karibu na jua zaidi, kilomita milioni 147, kisha Julai milioni 152. Lakini Januari hiyohiyo Ulaya wanaondoa theluji mlangoni kwa koleo! Kwetu Julai ni mawingu na mvua, basi. Tena umbali huo hujirudia kila mwaka, ulikuwa hivyohivyo babu yako akipanda. Hauwezi kueleza kilichobadilika.

Kinachoniudhi ni kwamba ukisema ni jua, hakuna mtu wa kuulizwa. Kabla ya viwanda, hewa ilikuwa na sehemu kama 280 za kaboni dioksaidi kwa kila milioni. Sasa zimepita 420. Kuna watu waliziweka, na si mama anayeuza makaa gunia moja. Kenya yote inatoa chini ya asilimia 1 ya gesi hizo duniani. Marekani, Ulaya na China ndio wenye deni kubwa. Sisemi dunia itakuwa Zuhura kesho, haiko karibu na hapo. Nasema mkulima aliyepoteza msimu ana haki ya kudai, na jua halina ofisi. Hata msitu wa Elgon ukifyekwa, mwenye msumeno anapita salama tu wakati sisi tunatazama juu.

Kaunti ikiita wananchi kujadili bajeti, nendeni. Mtu akisimama aseme jua limeshuka, muulize barafu ya Utaridi ilifikaje huko, kisha muulize pesa za ukame zimewekwa ukurasa gani.