Siri ya Kupona kwa Kidonda cha Kinywani

Aghalabu husemwa kuwa kidonda cha kinywani hupona upesi kwa sababu ya mate. Usemi huo ni nusu ya ukweli. Uchunguzi wa wataalamu wa Marekani, uliotangazwa mwaka 2018, ulionyesha kuwa seli za utando wa kinywa, tofauti na za ngozi, huwa tayari kwa uponyaji hata kabla ya jeraha kutokea.

Hata hivyo kinywa nacho hupata kovu. Mtoto aliyezaliwa na ufa wa kaakaa akishonwa, seli za fibroblasti hujikaza mithili ya misuli ili kufunga jeraha. Zikizidi kiasi, kovu huweza kuzuia ukuaji wa taya la juu.

Basi haitoshi mwanafunzi kufundishwa kwamba kidonda hupona. Hapana budi ajue seli zinavyokiponya, na zinavyoweza kudhuru.