Injini ya Sajini na Karo ya Muhula

Mama mmoja wa Koboko, mke wa askari, ameniletea barua ambayo sikuweza kuiweka mezani bila kuijibu siku ile ile. Mumewe, aliye sajini, alinunua Subaru Impreza yenye tabo, ambayo mwenye kwanza alikwisha kuiongezea nguvu: tabo imefunguliwa isukume hewa nyingi kuliko ilivyotoka kiwandani, na ekzosti ni pana kiasi cha kuamsha mtaa mzima. Akitoka Arua jioni, alipokuwa akilipita lori katika wilaya ya Maracha, injini ilianza kumisi ghafla, na taa ya injini ikawa inawaka na kuzimika. Fundi wa karibu akapima kompresheni, yaani nguvu ya silinda ya kuikaza hewa, akatikisa kichwa na kusema injini imekufa, inunuliwe nyingine. Fedha iliyokuwamo nyumbani ilikuwa karo ya watoto watatu. “Je, tuitoe?” ndilo lililokuwa swali la mama huyo.

Nilimjibu kwamba wasitoe hata shilingi moja, bali gari likokotwe hadi Arua, mwendo wa kilomita 55 hivi. Lisiendeshwe kabisa. Taa hiyo inapowaka na kuzimika, maana yake petroli isiyoungua inamwagika katika ekzosti na kuwakia humo, na uharibifu wake hupita kwa mbali bei ya kukokota gari.

Afande alipofika, jambo la kwanza nililomwuliza halikuhusu spana. Nilimwuliza ni kitu gani kilichoguswa mwisho katika injini ile. Akafikiri, akasema ni plagi: alizibadilisha majuma mawili nyuma, na kule Maracha alikuwa ametia petroli ya chupa kando ya barabara.

Petroli ya chupa ndiyo niliyoishuku kwanza, na mtu wa Arua hana budi kuishuku. Mji huu unawakumbuka vijana walioitwa OPEC Boys, waliouza kando ya barabara, kwa madumu, petroli iliyopitishwa kwa magendo kutoka Kongo. Hata leo mwenye tamaa aweza kuchanganya petroli na mafuta ya taa. Kuna jaribio dogo ambalo hata mama nyumbani aweza kulifanya, mbali na moto: dondosha tone juu ya karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka upesi na kuiacha karatasi kama ilivyokuwa, lakini mafuta ya taa huacha doa la mafuta lisiloondoka mapema. Karatasi yetu ilibaki safi.

Sasa niseme juu ya kompresheni, kwa maana hapo ndipo familia ile ilipokaribia kupoteza karo. Kipimo cha fundi kilisoma silinda zote nne kati ya ratili 118 na 124 kwa inchi mraba. Kwa kitabu alichokifuata, injini nzima yapasa kusoma 150. Lakini kitabu hicho hupimia usawa wa bahari, na Arua iko juu kiasi cha mita 1,200, ambapo uzito wa hewa umepungua kama asilimia 13. Injini inayosoma 150 Mombasa, hapa itasoma karibu 130 bila ya kuwa na ugonjwa wowote. Zaidi ya hayo, fundi alipima injini ikiwa baridi, na hakukanyaga mafuta hadi chini ili hewa iingie kwa wingi. Nilipopima upya injini ikiwa na joto, mguu ukiwa chini kabisa, zilitoka 127 hadi 130. Pistoni iliyovunjika huangusha silinda yake peke yake; haziwezi zote nne kuugua kwa kiasi kimoja siku moja. (Yule fundi simlaumu sana. Kipimo alikuwa nacho, na wengi hawana hata hicho.)

Injini ikiwaka gari limesimama, ilitulia karibu kama kawaida. Ilipobebeshwa mzigo na tabo ikaanza kusukuma, ikamisi. Hiyo ndiyo alama ya cheche dhaifu, kwa sababu cheche huona taabu kuruka katika hewa iliyokazwa. Mashine ya kusomea hitilafu ilitoa P0303, yaani silinda ya tatu. Katika gari hili kila plagi ina koili yake. Nikaihamishia koili ya silinda ya tatu kwenye ya kwanza, zilizo upande mmoja, na ya kwanza kwenye ya tatu. Tulipolijaribu gari tena mashine ikasoma P0301. Ugonjwa umehama pamoja na koili! Ungalibaki pale pale, ningaliigeukia plagi, kisha injekta na waya zake. Jambo moja nakusihi, msomaji: usichomoe waya wa plagi kwa mkono injini ikizunguka, kama walivyofanya wazee wetu, kwa maana volti zake ni maelfu mengi.

Koili ile ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Lakini kwa nini ipasuke? Nilizitoa plagi mpya nikapima mwanya wa ncha zake: milimita 1.1, mwanya wa injini isiyo na tabo. Injini hii yataka 0.7 au 0.8, na iliyoongezewa nguvu hupunguziwa zaidi kidogo. Kwa majuma mawili koili zilikuwa zikijikamua kuvusha cheche katika mwanya mpana, mpaka iliyo dhaifu ikapasuka.

Tulinunua koili moja na plagi nne, tukaukaza mwanya hadi 0.7, na nikamshawishi afande aipunguze tabo, ingawa uso wake haukufurahi. Alilipanda gari hadi Koboko bila kumisi hata mara moja.

Karo ililipwa Ijumaa. Mama ameniandikia tena kwamba zile plagi nne amezifunga katika kitambaa na kuziweka kabatini, ili yeyote atakayekuja tena na habari za injini mpya aonyeshwe kwanza.