Saratani: Umaskini na umbali ndivyo vinavyoua vijijini

SARATANI ya mlango wa kizazi haiji ghafla. Kwa mwanamke mwenye kinga imara, virusi vya HPV huchukua kati ya miaka 15 na 20 kuisababisha. Muda huo watosha kuugundua ugonjwa na kuuzima mapema. Mbona basi unaangamiza maelfu ya wanawake nchini Kenya kila mwaka?

Jibu limo katika hali ya maisha. Chukua mfano wa mchuuzi wa mboga katika soko la Myanga, Kaunti ya Bungoma. Asipouza, watoto hulala njaa. Si rahisi aache biashara akapimwe maradhi yasiyomuuma. Dalili zinapojitokeza, huenda akaanzia kwa mganga au akangoja idhini na nauli ya mumewe. Akipewa rufaa hadi Hospitali ya Moi mjini Eldoret, atasafiri zaidi ya kilomita 100, tena mara kadhaa. Mwenzake aliye na ajira na bima jijini Nairobi huweza kutibiwa mapema. Ugonjwa ni mmoja, hatima mbili.

Wanaoishi na virusi vya Ukimwi wamo taabani zaidi, kwani hatari yao ni mara sita ya wanawake wengine.

Hatua zimepigwa. Oktoba 2019, Kenya ilianza kuwachanja bila malipo wasichana wa miaka 10. Mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliweka lengo kwamba kufikia 2030, asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa, asilimia 70 ya wanawake wapimwe na asilimia 90 ya wagonjwa watibiwe. Bima ya SHA nayo ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Lakini bima hailipi nauli ya matatu, wala haimlishi mtoto aliyeachwa nyumbani.

Pengo hili laweza kuzibwa. Upimaji kwa kutumia siki hauhitaji mitambo ghali. Muuguzi aliyefunzwa aweza kuufanya katika zahanati. Kaunti hazina budi kuupeleka sokoni, makanisani na misikitini, kuwatuma wahudumu wa afya ya jamii wazungumze na waume pia, na kutenga fedha za nauli kwa wagonjwa wa rufaa.

La sivyo, dawa itaendelea kuwapo Eldoret huku mgonjwa akifia Myanga.