Mali bila daftari: nani atawaandika ndege wa Eastlands?

Mnamo Juni 2024, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilitangaza nia ya kuwaangamiza kunguru milioni moja kufikia mwisho wa mwaka huo. Aliyehukumiwa alikuwa kunguru wa Bara Hindi, yule ambaye watu wa Mombasa humwita kurabu. Ni ndege mgeni aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, akaenea pwani, akawa mla makinda ya ndege wenzake na kero kwa wenye mikahawa. Siku chache baada ya tangazo hilo nilimkuta kijana mmoja mtaani kwetu Buruburu akimvurumishia mawe kunguru aliyetua kwenye lundo la taka. Nilipomuuliza kosa la ndege yule, alinijibu bila kusita: "Mwalimu, si serikali imesema wauawe?"

Kunguru yule hakuwa kurabu. Alikuwa kunguru wetu wa siku zote, mwenye kifua na shingo nyeupe mithili ya mtu aliyevaa kanzu ndani ya koti jeusi. Kurabu hana weupe huo. Shingo yake ni ya kijivu na umbo lake ni jembamba kidogo. Kwa bahati njema nilikuwa na kamera begani. Nilimpiga picha ndege huyo, ambaye sasa alikuwa amekimbilia nguzo ya umeme, nikamwonyesha kijana kifua kile cheupe, kisha nikamweleza habari za yule wa shingo ya kijivu. Kijana akaliachilia jiwe. "Kumbe ni wawili," akasema.

Msomaji aliyezoea kuniona ukumbini hapa nikijadili ngeli na viambishi huenda akashangaa kuniona leo nikiandika juu ya kunguru. Lakini maneno ya kijana yule yalinirejesha kwenye taaluma yangu. Kwake yeye palikuwapo jina moja tu, na jina hilo moja lilitosha kumponza asiye na hatia. Tangazo la serikali lilipofika mtaani lilikuta watu hawana namna ya kumtenga mgeni na mwenyeji.

Si kwamba lugha yetu ni maskini. Kiswahili kina mnana afumaye kiota chake katika matawi, chozi afyonzaye maua, kwenzi wa manyoya yametayo, tetere, mbayuwayu, yangeyange na kwarara. Hata hivyo, kila ninapowaonyesha picha za ndege hao wanafunzi wangu waliozaliwa na kulelewa Umoja, Kayole na Dandora, wengi wao huwa na jibu moja: "Ni ndege." Vijana hao hao ndio warithi wa Sheng, lugha iliyokulia katika mitaa hiyo na iliyojaa majina ya pesa, ya matatu na ya polisi. Hawana upungufu wa akili wala wa ubunifu. Jamii hukipa jina kile inachokiona kuwa na kazi katika maisha yake, na ndege amekwisha kuondolewa katika hesabu hiyo.

Hapa ndipo ninapoona hatari. Kisicho na jina hakihesabiwi, na kisichohesabiwa hakiulizwi siku kitakapotoweka. Wahenga walilisema hili kwa ufupi: mali bila daftari hupotea bila habari.

Daftari ninalolipendekeza leo ni kamera kuukuu ya dijitali. Yangu ni Nikon D70, aina iliyoingia sokoni mwaka 2004, ambayo niliinunua mkononi mwa mtu aliyekuwa akitaka mpya. Uwezo wake ni megapikseli 6 tu, na zipo simu nyingi leo zinazojivunia tarakimu kubwa zaidi. Lakini kwa ndege aliye mbali, tarakimu hizo hazisaidii sana pasipo lenzi ndefu. Kwa kuwa sehemu ya kamera hii inayopokea mwanga ni ndogo kuliko filamu ya zamani ya milimita 35, lenzi ya milimita 300 humleta ndege karibu kana kwamba ni ya milimita 450. Picha yake inatosha kabisa kuonyesha rangi ya shingo ya kunguru, na hilo ndilo lililohitajika Buruburu siku ile.

Sitaficha kasoro zake. Mwanga ukipungua, picha hujaa chembechembe kama uji uliokorogwa vibaya. Hupiga picha tatu kwa sekunde na si zaidi, hivyo mbayuwayu arukaye amenishinda mara nyingi. Kwa hiyo mimi hutoka asubuhi baada ya jua kuchomoza, mwanga ukiwa umekolea lakini haujawa mkali, nikamngoja ndege atue. Kadhalika nimejifunza kukagua saa ya kamera kila mara. Kila picha huhifadhiwa pamoja na tarehe na saa iliyopigwa, lakini kamera kongwe iliyokaa muda mrefu bila betri yaweza kusahau tarehe na kuanza upya. Picha yenye tarehe ya uongo ni shahidi wa uongo. Mahali nako, kwa kuwa kamera hii haijui ilipo, hukuandika mwenyewe katika kijitabu: mtaa gani, mti gani, karibu na nini.

Katika kijitabu hicho pana Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa nyumba fupi zenye viwanja vya wazi kati yake, ambako miti imepewa nafasi ya kuzeeka. Kwarara huamsha watu huko kabla ya saa ya ukutani. Pana Dandora, ambako korongo wakubwa wa vichwa vya upara, wale waitwao marabu, husimama juu ya jaa kama wazee wa baraza, nao mwewe wakizunguka angani. Tena pana mabwawa ya majitaka ya Ruai, ambayo wapenda ndege huyaita mabwawa ya Dandora na ambayo yametajwa miongoni mwa maeneo muhimu ya ndege nchini. Huko huja wageni kutoka Ulaya na Asia wakikimbia baridi. Mkazi wa Kayole anaishi jirani na wasafiri hao pasipo kujua kuwa wapo.

Yafaa tukumbuke kwamba katika Kiswahili neno ndege lina maana ya fali pia: kuna ndege njema na ndege mbaya. Wingi wa korongo Dandora si ndege njema. Jaa lile lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, lakini taka zikaendelea kumwagwa. Mwaka 2007, utafiti uliofadhiliwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira uliwapima watoto 328 wa eneo hilo, na nusu yao wakapatikana na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita kipimo kilichokubaliwa wakati huo. Korongo hufuata uchafu. Mahali anapostawi, mtoto yuko hatarini. Kwa hiyo daftari la ndege ni daftari la binadamu pia.

Sasa tuitazame hali ya mambo ilivyo. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 imemtaka kila mwajiriwa kutoa asilimia 1.5 ya mshahara wake, naye mwajiri aongeze kiasi kama hicho. Katika Eastlands, Pangani ya zamani imekwisha kubomolewa na maghorofa yamechukua mahali pake. Mitaa mikongwe kama Bahati, Maringo, Jericho na Ziwani imetajwa kwa miaka kadhaa katika mipango ya kujengwa upya. Nyumba ya ghorofa moja ikiondolewa na jengo refu likasimama, mti uliokuwa uani nao huondoka, na aliyekuwa mtini huondoka naye.

Wapo watakaoniuliza: je, mhadhiri anataka mnana apewe makao na mwananchi alale nje? La hasha. Nimewaona watu wa mitaa hii wakiishi familia nzima katika chumba kimoja, na hakuna ndege ninayeweza kumtanguliza mbele yao. Sipingi ujenzi. Ninachosema ni kuwa kabla shoka halijainuliwa, sharti pawe na mtu wa kusema kilichokuwapo.

Sheria yenyewe imefungua mlango huo. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inadai tathmini ya athari kabla ya miradi mikubwa kuanza, na inawapa wananchi fursa ya kutoa maoni yao. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Kifungu cha 69 kinaitaka serikali ijitahidi kufikisha miti asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Lakini mwananchi atakayesimama katika kikao cha maoni na kusema "hapa palikuwa na ndege wengi" atasikilizwa kwa heshima kisha asahauliwe. Atakayeweka mezani picha 200 za mti mmoja, zenye tarehe za miaka mitatu, zikionyesha viota, wazazi na makinda, huyo itabidi ajibiwe.

Tunao mfano. Mnamo Novemba 2020, mgumo mkongwe ulioko Waiyaki Way, Westlands, ulikuwa karibu kukatwa kupisha barabara kuu ya juu. Watetezi wa mazingira walipaza sauti, na kwa agizo la rais mti ule ukanusurika. Nilifurahi kama wengine. Hata hivyo, nilijiuliza: kama mgumo huo ungekuwa Maringo, nani angekuwa na picha yake? Upande wa magharibi wa jiji una watu wenye kamera, wenye nafasi na wenye kusikika. Upande wa mashariki una miti na ndege wasio na mwandishi.

Tena wapo wasemao kuwa kutazama ndege ni anasa ya watalii. Historia haikubaliani nao. Bi. Fleur Ng'weno alianza kuongoza matembezi ya kutazama ndege ya kila Jumatano asubuhi jijini Nairobi tangu mwaka 1971, na Wakenya wengi wamejifunza huko. Tangu 2013 uko mradi wa Ramani ya Ndege wa Kenya, unaoigawa nchi katika miraba yenye upande wa takriban kilomita 9, ambapo yeyote aliyejifunza kidogo aweza kuandikisha aliowaona. Orodha hizo hulinganishwa na kitabu cha ramani za ndege cha Lewis na Pomeroy cha mwaka 1989, na ndipo hujulikana nani ameongezeka na nani ametoweka.

Kuna kizuizi kimoja ambacho sitakipuuza. Mtu mwenye kamera Eastlands hutiliwa shaka. Mimi mwenyewe niliwahi kusimamishwa na mlinzi aliyedhani napiga picha za ukuta, akataka nifute zote; nilimwonyesha chozi mmoja baada ya mwingine hata akaanza kuuliza majina yao. Tangu siku hiyo, niingiapo mtaa nisioujua humwona kwanza mzee wa mtaa, nikaeleza ninachokitafuta. Watu hawapigwi picha bila ridhaa yao, na kiota hakisogelewi hata mama akakikimbia.

Ombi langu ni dogo. Shule za Eastlands zenye vilabu vya mazingira zikubali kupokea kamera kuukuu zilizolala kabatini kwa wenye nazo. Kila klabu ichague mti mmoja tu, iupige picha kila juma, iandike tarehe, na iwape ndege wake majina ya Kiswahili yaliyopo. Pale ambapo jina halipo, watoto walibuni. Hawajapata kushindwa kubuni neno. Sisi wa vyuo vikuu tuyakusanye majina hayo kabla hayajapeperuka.

Kijana yule wa mawe tulikutana tena majuzi. Aliniita kutoka ng'ambo ya barabara, akanionyesha juu ya paa la kibanda. "Mwalimu," akasema, "yule ni wa kwetu. Ana kanzu."